Somo la Kupeana Viungo Baina ya Tovuti: Faida Yake na Hadhari Zake



Siku hizi wakulima wengi wamefungua tovuti zao katika intaneti. Mmoja aonyesha shamba lake kwa wageni wapendao kutembezwa mikarafuuni. Mwingine atangaza asali, mdalasini na pilipili manga. Mwingine aeleza tu habari za kazi yetu. Karafuu zenyewe zina njia yao ya kuuzwa, nasi katika somo hili hatuigusi njia hiyo. Twataka kusema juu ya tovuti.

Tovuti ikisha kufunguliwa, haupiti muda mrefu barua huanza kuja kutoka kwa watu wasiojulikana. Moja yasema: "Weka kiungo cha tovuti yetu katika tovuti yako, nasi tutaweka chako katika yetu." Nyingine yasema: "Tulipe, nasi tutakupatia viungo 500 kwa mwezi mmoja, na jina lako litakuwa la kwanza kila mtu atafutapo." Je, mkulima ajibu nini? Hapa pana fedha, na pana jina la shamba na jina la chama. Asiyejua kazi ya viungo hivi aweza kutoa fedha yake akanunua hasara.

Basi somo hili lina makusudi matatu. Kwanza, kueleza kiungo ni kitu gani na kina nguvu gani. Pili, kueleza kwa nini watu walianza kubadilishana viungo, na mwisho wake ulikuwaje. Tatu, kuonyesha lipi la kufanya na lipi la kuacha.

KIUNGO NI NINI

Neno hili lisitutatize. Kwetu sisi kiungo ni karafuu, ni hiliki, ni mdalasini. Katika intaneti kiungo ni neno au picha iliyomo katika ukurasa, ambayo msomaji akiibonyeza hupelekwa mara moja kwenye ukurasa mwingine, pengine wa mtu mwingine aliye nchi ya mbali.

Mpango huu wa kurasa zilizounganishwa ulitokana na shauri alilolitoa Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, mwaka 1989. Wakati huo alikuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Maarifa ya wataalamu wa pale yalikuwa yametawanyika katika mitambo mbalimbali, naye akataka msomaji aweze kutoka karatasi hii akaingia ile bila ya kuhangaika. Hivyo viungo ndivyo vilivyoifanya kazi yote. Tovuti isiyo na kiungo chochote kiielekeacho ni kama kisiwa kisicho na bandari: huenda kina neema tele, lakini hapana chombo kiendacho.

Kiungo kina kazi mbili, na yapasa tuzitenge tangu mwanzo, maana makosa mengi hutokana na kuzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuleta watu. Mgeni asomaye tovuti ya nyumba ya wageni huko Chake Chake akaona kiungo cha shamba lako, hukibonyeza akafika kwako. Huyu ni mtu kamili, ana haja yake, na pengine atakuja.

Kazi ya pili ni kutoa ushahidi. Mwenye tovuti akiweka kiungo cha tovuti yako, ni kama kwamba amewaambia wasomaji wake: "Huyu namjua, nendeni mkamsikilize." Ushahidi huu husomwa na watu, lakini pia husomwa na mitambo ya kutafutia. Hapo ndipo ilipoanzia biashara ya viungo.

MTAMBO WA KUTAFUTIA HUPANGAJE

Watu wengi hawakumbuki anwani za tovuti. Huandika maneno machache, kwa mfano "shamba la karafuu Pemba", na mtambo huwapa orodha ya kurasa. Zilizo juu ya orodha husomwa. Zilizo chini aghalabu huachwa. Kwa hiyo kupangwa juu ni jambo kubwa kwa kila mwenye kitu cha kutangaza.

Mitambo ya zamani, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, ilitegemea zaidi maneno yaliyoandikwa katika ukurasa wenyewe. Basi wajanja wakalijaza neno walitakalo mara mia, pengine kwa rangi ile ile ya karatasi ili msomaji asilione, nao wakapanda juu. Mtambo ulikuwa ukimsikiliza mwuzaji akijisifu mwenyewe.

Ndipo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Larry Page na Sergey Brin, walipofikiri njia nyingine. Walitazama desturi ya wataalamu. Mtaalamu akiandika makala huyataja makala ya wenziwe aliyoyategemea, na makala yaliyotajwa na wengi aghalabu ni yenye uzito. Jambo hili lilikuwa limekwisha kushughulikiwa na Mmarekani Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alitoa shauri katika jarida la Science kwamba itungwe faharasa ya makala yanavyotajana. Page na Brin wakasema: kiungo baina ya tovuti na tovuti ni mfano wa kutaja huko. Lakini wakaongeza sharti moja kubwa, nalo ni kwamba mashahidi si sawa. Ushahidi wa ukurasa unaoshuhudiwa na wengi una uzito kupita ushahidi wa ukurasa usiojulikana. Kipimo hiki wakakiita PageRank, nao wakakieleza katika makala yao ya mwaka 1998. Mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google.

HESABU NDOGO

Mwanachama achukue kalamu na karatasi, maana hesabu hii si ngumu, na mwenye kuifahamu hatadanganywa kwa urahisi.

Kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1998, kila ukurasa huanza na akiba ndogo ya 0.15. Kisha kila ukurasa hutoa sehemu 85 katika kila 100 za uzito wake, ukazigawa sawasawa kwa viungo vyote vitokavyo ndani yake.

Mfano wa kwanza. Ukurasa mmoja una uzito wa 10, na ndani yake mna viungo 5. Sehemu 85 katika 100 za 10 ni 8.5. Gawa kwa 5, kila kiungo kitapata 1.7. Sasa tuseme ukurasa ule ule una viungo 100. Gawa 8.5 kwa 100, kila kiungo kitapata 0.085 tu. Ukurasa ni ule ule, na uzito ni ule ule, lakini fungu limekuwa dogo mara ishirini. Ndiyo kusema kwamba kiungo kilichosongamana na vingine mia hakikuwa na thamani kubwa hata katika siku za mwanzo.

Mfano wa pili. Chukua kurasa mbili, wa Juma na wa Mwanakombo, ambazo hazina kiungo chochote. Kila mmoja una 0.15. Sasa Juma aweka kiungo cha Mwanakombo, na Mwanakombo aweka cha Juma, wala hapana kingine. Katika mzunguko wa kwanza kila mmoja hupata 0.15 yake, na juu yake sehemu 85 katika 100 za 0.15 ya mwenziwe, jumla 0.2775. Mzunguko wa pili hufika karibu 0.386. Hesabu ikiendelea kuzunguka, hupanda kidogo kidogo mpaka kila mmoja ukakaribia 1 kamili.

Tazameni jambo hili kwa makini. Kutoka 0.15 kufika 1 ni kuongezeka karibu mara saba. Ilhali hapana msomaji hata mmoja aliyeongezeka, wala hapana neno jipya la maana lililoandikwa. Juma amemshuhudia Mwanakombo, na Mwanakombo amemshuhudia Juma, basi. Hii ndiyo sababu watu walikimbilia kubadilishana viungo: katika hesabu ya mwanzo njia hiyo ilikuwa na faida. Wale waliofanya hivyo hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameuona upenyo.

NAMNA BIASHARA ILIVYOKUA

Kubadilishana kwenyewe ni jambo la zamani kuliko Google, na mwanzo wake ulikuwa wa kheri. Mwaka 1995 kijana wa Kimarekani, Sage Weil, alitengeneza WebRing, yaani pete ya tovuti. Wenye tovuti za jambo moja walijipanga katika duara, na msomaji akimaliza kwa mmoja hubonyeza akaenda kwa wa pili. Mwaka 1996 vijana wengine wa Marekani, Tony Hsieh na Sanjay Madan, walianzisha LinkExchange. Hapo mwenye tovuti akionyesha picha za matangazo ya wenziwe, naye hupewa haki ya picha yake kuonyeshwa kwao. Kila mara mbili alizoonyesha za wengine, yake huonyeshwa mara moja. Kampuni ya Microsoft iliinunua LinkExchange mwaka 1998 kwa dola za Marekani zipatazo milioni 265, na kiasi hicho chatosha kuonyesha jinsi jambo hili lilivyopendwa.

Angalieni kwamba katika mipango hiyo kilichotafutwa kilikuwa ile kazi ya kwanza ya kiungo, yaani kuleta watu. Mtu aliiona picha, akaipenda, akaibonyeza.

Baada ya Google kusifika, makusudi yaligeuka. Mwishoni mwa mwaka 2000 Google ilitoa kidude cha kuwekwa juu ya dirisha la kusomea, kilichoonyesha uzito wa kila ukurasa kwa namba kutoka 0 mpaka 10. Hapo kila kiungo kikawa na bei yake usoni. Mwenye 5 hakutaka kubadilishana na mwenye 2. Zikatokea kurasa zilizoitwa "Marafiki Zetu" zenye viungo mamia, muuza viatu akiwa kando ya mng'oa meno, na mng'oa meno kando ya mchezesha kamari. Hapana msomaji aliyezisoma kurasa hizo. Ziliandikwa kwa ajili ya mtambo. Wengine, kwa kuficha, wakafanya ya pembe tatu: wa kwanza amshuhudie wa pili, wa pili amshuhudie wa tatu, na wa tatu arudi kumshuhudia wa kwanza. Namba zile za kuonyeshwa hadharani ziliondolewa kabisa mwaka 2016, lakini biashara ilikuwa imekwisha ota mizizi.

MTAMBO ULIVYOGEUKA

Watu wawili wakisimama mbele ya kadhi, huyu akasema, "Mimi namshuhudia yule," na yule akasema, "Nami namshuhudia huyu," kadhi atauliza: nani mwingine awajuaye? Wasipokuwa naye, ushahidi wao hauwafikishi popote. Wenye mitambo ya kutafutia nao walifika hapo hapo, ila iliwachukua miaka.

Mwezi wa Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama moja, neno nofollow, iandikwayo ndani ya kiungo. Maana yake: kiungo hiki kipo, msomaji aweza kukifuata, lakini kisihesabiwe kuwa ushahidi. Tangu Septemba 2019 Google yapokea pia alama ya sponsored, yaani kiungo kilicholipiwa.

Tarehe 24 Aprili 2012 Google ilitoa badiliko kubwa lililokuja kuitwa Penguin. Kazi yake ilikuwa kuzishusha tovuti zilizopanda kwa hila, hasa hila za viungo. Google yenyewe ilisema kwamba badiliko hilo liligusa kadiri ya 3.1 katika kila 100 ya maulizo ya Kiingereza. Oktoba ya mwaka huo ikatoa chombo cha mwenye tovuti kuvikana viungo vibaya vinavyoelekea kwake. Septemba 2016 Penguin ikaingizwa katika kazi ya kila siku ya mtambo, na toka hapo aghalabu viungo vya hila havihesabiwi tu, badala ya tovuti nzima kuzamishwa.

Kwa hiyo leo mwenye kununua au kubadilishana viungo kwa wingi hukabiliwa na mambo mawili. La kwanza, na ndilo litokealo mara nyingi, viungo vyake vyahesabiwa sifuri, na fedha aliyotoa imekwenda bure. La pili, wakaguzi wa Google wakiona kuwa imefanywa makusudi, tovuti yaweza kushushwa au kuondolewa katika orodha kwa mkono wa mtu, mpaka mwenyewe asafishe na aombe kutazamwa upya. Katika kanuni zake Google yataja waziwazi, miongoni mwa mambo yaliyokatazwa, kununua na kuuza viungo kwa ajili ya kupanda, kubadilishana viungo kupita kiasi, na kuweka kurasa za "washirika" zisizo na kazi ila kuunganishana.

Mkulima analijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwenye kutia makonyo ndani ya gunia la karafuu huongeza uzito, ni kweli. Lakini mkaguzi akitia mkono, haishuki ile sehemu ya makonyo peke yake. Gunia zima hushuka daraja, hata karafuu safi zilizomo.

MIFANO MIWILI

Mtu asidhani kwamba haya huwapata wadogo tu.

Katika majira ya sikukuu za mwisho wa mwaka 2010, J. C. Penney, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilikuwa ya kwanza au karibu ya kwanza katika Google kwa vitu vingi: magauni, mashuka, mazulia. Gazeti la New York Times lilichunguza sababu, nalo likatoa habari yake Februari 2011. Ilionekana kwamba kurasa zaidi ya 2,000 zilikuwa na viungo vielekeavyo kwenye tovuti hiyo, na nyingi zilikuwa za mambo yasiyohusiana kabisa na magauni: magari, mbwa, uvuvi, meno. Google ilipoarifiwa ilichukua hatua. Kwa maneno 59 yaliyopimwa na gazeti, nafasi ya duka hilo kwa wastani ilikuwa 1.3 tarehe 1 Februari. Ilipofika tarehe 10 ilikuwa 52. Kwa aina moja ya mkoba wa safari duka lilikuwa la kwanza saa moja ya usiku, na baada ya saa mbili lilikuwa la 71. Kampuni ilisema kwamba haikuidhinisha viungo hivyo, nayo ikamwachisha kazi wakala wake. Lakini aliyeshuka hakuwa wakala. Aliyeshuka ni mwenye duka.

Mfano wa pili ni wa wauza maua wa Uingereza, Interflora. Mwezi wa Februari 2013 jina lao lilitoweka katika Google hata kwa mtu aliyeandika "Interflora" kamili. Katika magazeti ya miji mbalimbali yalikuwa yametokea makala ya kulipiwa yenye viungo vyao, bila ya alama ya kuonyesha kwamba ni tangazo. Walirudi baada ya siku zipatazo 11. Kwao ilikuwa bahati, maana sikukuu ya akina mama ya Uingereza ilikuwa inakaribia, na hiyo kwa muuza maua ni kama msimu mkuu kwetu. Kampuni kubwa ina mafundi wa kuisafisha na ina majina ya kuombewa. Mkulima wa ekari tatu akiondolewa katika orodha, nani atamtafutia njia ya kurudi?

SI KILA KUPEANA NI KOSA

Asije mtu akasoma haya akaogopa kila kiungo. Kukataa viungo vyote ni sawa na kufunga bandari kwa kuogopa magendo. Watu wanaojuana kwa kazi hutajana, na hilo halina ubaya. Shamba likimtaja mwongoza wageni awaletaye watu, na mwongoza wageni akilitaja shamba, kila mmoja amesema kweli, na msomaji wa kila upande amepata faida. Kilichokatazwa ni kupita kiasi, na kutajana kusiko na sababu ila kumdanganya mpangaji.

Kuna swali moja la kupimia, nalo lilikuwamo hata katika mafundisho ya Google wenyewe: je, ningefanya jambo hili kama mitambo ya kutafutia isingekuwapo? Mkulima ajiulize hivi kila aletewapo ombi. Kama msomaji wangu atapata faida kwa kufuata kiungo hiki, nakiweka, hata kama mwenyewe hanirudishii. Kama hapati faida yoyote, sikiweki, hata nikipewa vitatu kwa kimoja.

LA KUFANYA

1. Anza na ukurasa wenyewe. Andika kile ambacho wewe wakijua na wengi hawakijui: mkarafuu hupandwaje na huchukua miaka mingapi kuzaa, tumba huchumwa zikiwa na rangi gani, karafuu huchambuliwaje na makonyo huenda wapi, huanikwa siku ngapi juani, na mvua ikija hufanywaje. Weka picha zako mwenyewe. Ukurasa kama huo mwalimu atautaja kwa wanafunzi wake, na mwandishi wa gazeti atautaja kwa wasomaji wake, bila ya kuombwa. Wazee wamesema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

2. Waombe wanaokujua kweli. Nyumba ya wageni ikuleteayo watu, mwongoza wageni, duka liuzalo asali yako, skuli iliyowahi kuleta watoto shambani. Hao wana sababu ya kukutaja. Viungo vitano vya namna hii vyapita mia tano vya kununua, kwa kuwa vyaleta watu hata siku mtambo ukigeuza hesabu yake.

3. Nawe toa bila ya kuhesabu. Mwanikaji wa karafuu huhitaji habari za mvua. Weka kiungo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mgeni huuliza habari za usafiri. Weka kiungo cha boti. Hao huenda wasikurudishie, lakini msomaji ataiona tovuti yako kuwa ya manufaa, naye atarudi.

4. Weka kiungo mahali pake, ndani ya maneno yanayokieleza. Usitengeneze ukurasa wa "marafiki" wenye majina mamia. Mmekwisha kuiona hesabu yake.

5. Tangazo liitwe tangazo. Mtu akikulipa uweke kiungo chake, si haramu. Lakini mwambie fundi wako akitie alama ya sponsored au nofollow, na msomaji aelezwe kwamba kimelipiwa.

6. Kagua kila miezi mitatu. Viungo vingine hufa kwa kuwa mwenyewe amefunga tovuti. Vingine ni vibaya zaidi: anwani imenunuliwa na mtu mwingine, na palipokuwa na skuli sasa pana kamari. Bonyeza kimoja kimoja, ondoa kilichoharibika.

7. Ukimwajiri fundi au wakala, mwulize kabla ya kumlipa: viungo vitatoka wapi, na kwa sababu gani watu hao watatutaja? Atake kukuonyesha orodha. Akisema ni siri ya kazi, au akiahidi nafasi ya kwanza kwa siku maalumu, muage kwa heshima. Hapana mtu awezaye kuahidi nafasi ya kwanza, maana mpangaji si yeye.

MFANO WA BARUA

Wanachama wengine hawajui waandike nini wanapoomba kutajwa. Mfano huu waweza kufuatwa:

"Bwana Meneja, baada ya salamu. Wageni wenu kadhaa wamefika shambani kwetu msimu huu, nasi twashukuru. Katika tovuti yetu tumeandika ukurasa unaoeleza hatua za kazi ya karafuu tangu kuchuma hata kuanika, pamoja na saa tunazopokea wageni na namna ya kufika kutoka barabara kuu. Tumeona katika tovuti yenu mmeeleza sehemu za kutembelea. Kama mwaona kwamba ukurasa wetu utawafaa wageni wenu, tutafurahi mkiutaja hapo. Hata msipoona hivyo, mlango wa shamba u wazi kwa wageni wenu kama desturi. Wenu katika kazi."

Tazameni kwamba barua hii haikusema "nipe nikupe". Imetaja sababu ya kweli, imeonyesha faida ya msomaji, na imemwacha mwenyewe aamue. Na kwa zile barua za "viungo 500", jibu fupi latosha: "Ahsante, hatuhitaji." Usitoe fedha, wala usitoe neno la siri la tovuti yako kwa mtu yeyote asemaye atakuwekea viungo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiungo kina kazi mbili. Zitaje, na useme ni ipi iliyotafutwa na LinkExchange ya mwaka 1996.

2. Ukurasa una uzito wa 20 na viungo 10. Kwa kanuni ya mwaka 1998, kila kiungo kitapata kiasi gani? Na ukiwa na viungo 200 je?

3. Kwa nini kubadilishana viungo kulikuwa na faida katika hesabu ya mwanzo, na kwa nini sasa ushahidi huo hauna nguvu?

4. Muuza viatu wa ng'ambo akutaka mbadilishane viungo. Mwongoza wageni wa wilaya yako naye akutaka vivyo hivyo. Utamjibu nini kila mmoja, na kwa sababu gani?

Majibu ya swali la pili ni 1.7 na 0.085. Maswali mengine yajadiliwe katika mkutano wa tawi, na mwenye kuletewa barua ya kuuziwa viungo aje nayo, isomwe mbele ya wenziwe kabla ya senti moja kutoka.